Doti ya Mbao: Shajara ya Mradi wa Chapa, Masika hadi Kaskazi

Aprili, masika yameshika

Nachonga kanga kwenye mbao. Ni kanga ndogo, za kutosha kukaa mapajani nikiwa nimeketi mkekani, lakini zina kila ambacho kanga inapaswa kuwa nacho: pindo pande zote nne, mji katikati, na jina. Ndani ya mji naweka vitu vya Soko la Samaki la Feri, pale Magogoni: pweza, mizani, ndoo, ngalawa zinazoingia alfajiri, mama aliyeinamia karai la mafuta. Jina nalichukua kwenye maneno ambayo wanawake wamekuwa wakiyavaa tangu kabla sijazaliwa. Kila ubao utachapwa kwenye karatasi na kwenye kitambaa cha marekani, na hizo mbili kwa pamoja ndizo nitakazoziita doti.

Kilichonivuta ni kwamba kanga yenyewe ni chapa. Kanga za mwanzo, za karne ya 19, zilipigwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa kwa mkono, kabla kazi hiyo haijachukuliwa na viwanda vya India, Uholanzi, Uingereza na Japani, na baadaye na viwanda vyetu wenyewe kama Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968. Leo tunazungumzia jina la kanga na rangi zake, tunazungumzia imevaliwa wapi na kumlenga nani. Mkono uliochonga lile ua la korosho hauzungumzwi. Mimi nataka kuurudisha mkono huo mezani.

Naandika shajara hii ili mradi usinipotee, na zaidi ili nikumbuke kazi za watu wengine zinazonifungua mkono. Katika uchapaji, kujifungia na ubao hakutoshi. Picha ya chapa kwenye simu inakuonyesha mchoro tu. Haikuambii wino umekaa kwa unene gani, karatasi imebonyea wapi, wala patasi ilibadili mwendo vipi ilipokutana na fundo la mbao. Hayo huyaoni mpaka usimame hatua moja kutoka ukutani. Kwa hiyo kila maonyesho ya chapa yatakayofika Dar es Salaam nitakwenda, na kila mchapaji atakayekubali kuzungumza mbele ya watu nitamsikiliza hadi mwisho.

Aprili, siku za mwisho: mbao na vyuma

Jambo la kwanza ni kitu cha kuchonga. Masomo mengi ya uchapaji huanzia kwenye lino, na lino halisi ni kitu kizuri sana. Ni mafuta ya kitani yaliyoachwa yagande, yakachanganywa na unga wa lile gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, kisha yakashindiliwa juu ya kitambaa cha juti. Mwingereza Frederick Walton alilichukulia hataza mwaka 1863 kwa ajili ya sakafu za nyumba. Wasanii walilipenda baadaye kwa sababu halina nyuzi kama mbao. Patasi inakwenda upande wowote unaotaka.

Ukiulizia lino Kariakoo, mara nyingi utaonyeshwa zulia la plastiki. Kwa juu vinafanana, lakini lile ni PVC, na patasi ikiingia linavutika badala ya kukatika. Njia ya kulitambua ni kuligeuza nyuma. Ukiona nyuzi za juti, hilo ni lino. Ukiona povu au plastiki tupu, lirudishe kwenye rafu.

Nimechagua plaiwudi. Ni rahisi kuipata, inauzwa hata vipande, na ina nyuzi zinazoonekana kwenye chapa ukiipiga msasa kidogo na kupaka wino mwembamba. Ubaya wake ni kumeguka kwenye kona, hasa kwenye herufi. Dawa yake ni vanishi nyepesi, kuiacha ikauke sawasawa, kisha kupita na kisu kwanza kuzunguka mstari kabla ya kuingiza patasi.

Patasi nimetengenezewa na fundi wa vinyago pale Mwenge, kutokana na vyuma vya mwavuli uliochakaa. Chuma cha mwavuli kina mfereji tayari. Ukikikata na kukinoa mdomo kinakuwa patasi ndogo ya mviringo, ya kuchongea magamba ya samaki na nukta za pindo. Nilimsalimu, akaniuliza bila kuinua macho kwenye kinyago chake:

"Marahaba, mwanangu. Za mbao ngumu au laini?"

"Laini, mzee. Plaiwudi."

"Basi mdomo nauchongoa zaidi. Mdomo wa mpingo ungeirarua hiyo mbao yako."

Akazitia mipini ya mti wa mpera. Zinakaa kiganjani vizuri sana.

Mei: mbele ya kazi za Nyumba ya Sanaa

Leo nimetoka kuangalia kazi za zamani za wasanii wa Nyumba ya Sanaa, zilizotolewa na watu wanaozihifadhi majumbani mwao. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa hapa Dar mwaka 1972 na mtawa wa shirika la Kikatoliki la Maryknoll, Sista Jean Pruitt. Wengi wa vijana wake wa mwanzo walikuwa Wamakonde waliotoka kusini wakiwa na sanaa ya kuchonga mikononi tayari. Wakafundishwa pia batiki, uchoraji na kuchapa kwa bamba la chuma. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005 akiwa anajulikana duniani kote kwa mashetani yake yenye masikio makubwa, aliingia pale kama mlinzi wa usiku kwa msaada wa mjomba wake, Augustino Malaba, ambaye naye alikuwa mchongaji. Robino Ntila alipitia hapo hapo. Watu wengi wanamjua Lilanga wa rangi kali. Mimi nilimfuata Lilanga wa wino mweusi.

Kwanza niliona ukingo wa bamba. Chapa ya bamba la chuma hupitishwa kwenye mashine yenye mgandamizo mkubwa, na karatasi hubaki na alama ya kingo nne, mtelemko mdogo ambao kivuli cha taa hukaa ndani yake. Halafu nikaona kwamba mstari wenyewe umeinuka. Kwenye chapa ya mbao wino unakaa juu ya sehemu ambayo hukuichonga. Kwenye bamba ni kinyume: mchoraji hulipaka nta, akaikwaruza, asidi ikala chuma pale palipokwaruzwa, na wino unaingia ndani ya mfereji huo. Karatasi yenye unyevu inashuka kuufuata. Ukiangalia kwa ubavu unauona umesimama juu ya karatasi, mnene, na mahali unakolea kwa sababu asidi ilikaa muda mrefu zaidi.

Nilikaa muda mrefu mbele ya karatasi moja iliyojaa watu wake wenye vidole vitatu, wanacheza, wanabebana, mmoja anamvuta mwenzake mguu. Hakuna sehemu iliyoachwa bila mtu. Nikajiuliza kwa nini macho hayachoki. Jibu lilikuwa kwenye weupe. Kati ya mkono na kiuno, kati ya paja na paja, kuna vipande vidogo vya karatasi tupu, na kila kimoja kina umbo lake. Ndivyo vinavyoishikilia ngoma. Lilanga alikuwa mchongaji kabla ya kushika karatasi. Anajua kutoboa mbao ili hewa ipite katikati ya miili.

Nimerudi nyumbani nikachora upya mji wa ubao wa kwanza. Pweza wa mwanzo alikuwa mistari myeusi juu ya weupe. Pweza mpya ni mwili mweusi mzima, mikono yake minane inajaza mji hadi kwenye pindo, na kinachochongwa ni nafasi zilizo kati ya mikono pamoja na vikombe vya kunyonyea. Kazi ya patasi imepungua, na pweza sasa ana uzito.

Juni: wino

Kusi inavuma, hewa imekauka kidogo, huu ni wakati mzuri wa kujifunza wino.

Wino wangu unatoka kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji huku Kariakoo, kati ya mashine za Heidelberg zinazochapa kadi za harusi na vitabu vya risiti. Mzee anayeziendesha ananiuzia mabaki ya makopo. Ni wino wa ofseti, wa mafuta, mzito, na mweusi wake ni mweusi kwelikweli. Wino wa namna hii haukauki kwa maji kuondoka. Unakauka kwa kukutana na hewa, na ndiyo sababu kopo lililoachwa wazi hujifunika utando. Mzee alinifundisha kuutoa utando mzima kwa kisu, bila kuuchana, na kukata karatasi ya nta kwa mduara wa kopo ili kuulaza juu ya wino kabla ya kufunga.

Alinifundisha pia kusikiliza. Wino unamwagwa kidogo juu ya kioo, rola inapita mbele na nyuma, na unapokuwa tayari rola hutoa sauti nyembamba, inanong'ona. Ikiwa inatoa sauti ya kunata na kubanduka, wino umezidi na utaingia kwenye mifereji midogo ya patasi. Ikiwa kimya, umepungua. Siku ya joto wino hulegea. Poda ya mtoto isiyo na mafuta, kidogo tu, huusimamisha. Kusafisha natumia mafuta ya kula na kitambaa chakavu, halafu sabuni. Mafuta ya taa yanafanya kazi haraka zaidi, lakini ninachapa chumba kile kile ambacho watoto wa dada yangu wanalala.

Karatasi ni ile ya ofisini isiyong'aa, na nyingine nyembamba zaidi kutoka kwenye mabaki ya kiwanda hicho hicho. Sina mashine ya mgandamizo. Nasugua kwa mkono, nyuma ya karatasi, kuanzia katikati kwenda nje. Karatasi nyembamba ina faida kubwa: unaona wino ukipenya kivuli chake upande wa nyuma, kwa hiyo unajua wapi hujasugua.

Kwa kusugulia nimejaribu kijiko, mwiko na chupa, na nimetulia kwenye kifuu cha nazi. Nusu ya kifuu, upande wa mgongo, kilichopigwa msasa hadi kikawa laini kabisa, kinakaa kwenye kiganja na kugusa karatasi sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Wajapani wana kifaa chao cha kazi hii, bareni, kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Sisi tunavyo vifuu kila ua.

Julai: jioni ya mazungumzo

Mchapaji mmoja mwenye umri mkubwa, aliyefundisha sanaa kwa miaka mingi, alizungumza jioni mbele ya watu wachache, ukutani kukiwa na picha zinazobadilishwa moja moja. Natamani kila mtu anayechonga angekuwepo.

Alituanzia Afrika Kusini, mahali panapoitwa Rorke's Drift, ambapo mwanzoni mwa miaka ya 1960 kanisa la Kilutheri lilianzisha kituo cha sanaa na ufundi kikiongozwa na mume na mke kutoka Sweden, Peder na Ulla Gowenius. Wakati huo, chini ya ubaguzi wa rangi, milango ya kusomea sanaa kwa Mwafrika ilikuwa michache mno. Lino lilikuwa rahisi: kipande cha sakafu, kisu, wino mweusi. Azaria Mbatha, aliyezaliwa mwaka 1941, alianza kujifunza akiwa mgonjwa hospitalini. Akachukua hadithi za Biblia, akazikata vyumba vyumba ndani ya ubao mmoja, na watu waliomo ndani yake ni watu wa Uzulu. Mzee alikuwa anaonyesha kwa fimbo: tazama, huyu mfalme ni mweusi, hawa wanaomwinamia ni weusi, na shamba ni la nyumbani kwao. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa.

Kisha akaja John Muafangejo. Alizaliwa mwaka 1943 kusini mwa Angola, akakulia Namibia, akasoma Rorke's Drift kuanzia 1967 hadi 1969, akafariki mwaka 1987 akiwa na miaka 44 tu. Muafangejo aliandika ndani ya chapa zake. Sentensi nzima za Kiingereza, herufi moja baada ya nyingine zimechongwa kwenye lino, zinapita juu ya vichwa vya watu, zinabanwa kati ya nyumba na mti, zinavunjwa pale nafasi inapokwisha na kuendelea mstari unaofuata. Anakueleza ni nani aliye pichani na nini kilitokea. Herufi zake zina uzito ule ule wa miili. Ukizifuta, picha inapungua nguvu.

Hapo mama mmoja aliyeketi nyuma, mtu mzima, kanga mabegani, akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Mbona hiyo ni kanga? Picha ina pindo, ina watu katikati, na ina maneno yake." Mwalimu akasimama, akaitazama picha ile upya, akasema, "Mama, umenipa darasa." Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika daftari, mkono unatetemeka, kwa sababu alikuwa ameusema mradi wangu wote mbele ya ukumbi bila kujua kwamba upo.

Ubao wa pweza nimeuamulia jina usiku huo huo: WEMA HAUOZI. Kila herufi inachongwa kinyume, kwa kuwa ubao ni kioo cha karatasi. Naandika kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, naigeuza, naisugua juu ya ubao, penseli inahamia upande sahihi. Nilipotazama maneno yaliyohamia nikaona kitu kizuri: katika jina lote hilo, kwa herufi kubwa zisizo na vikia, ni E na Z peke yake zinazogeuka. W, M, A, H, U, O na I ni zile zile ukizitazama kutoka upande wowote. Kuna majina ya kanga yaliyo rafiki kwa mchongaji, na sasa nayapitia yote ninayoyakumbuka nikiyasoma kutoka kulia. JAPO SIPATI TAMAA SIKATI ni ngumu zaidi: J, P, S na K zote zinageuka, lakini TAMAA inapita salama.

Herufi zangu hazikai tena kwenye kisanduku cha mstatili chini ya mji. Kwenye ubao huu jina linapita kati ya mikono ya pweza, na pale mkono unapokatiza, neno linaruka na kuendelea ng'ambo. Hilo nimelipata kwa Muafangejo.

Agosti

Nachonga. Pindo la pweza limekwisha, pindo la mizani limeanza.

Septemba: milango wazi Mikocheni

Nafasi Art Space iko Mikocheni tangu 2008, kwenye eneo la viwanda vidogo, na studio zake nyingi ni makontena ya meli yaliyopangwa kuzunguka uwanja. Siku wasanii wanapofungua milango, unaingia kontena moja ukakuta mchoraji, la pili mtu wa vyuma, la tatu vijana wanachapa fulana kwa skrini, yaani wavu uliokazwa kwenye fremu unaopitisha rangi. Hakuna anayekufukuza ukiuliza swali. Kwangu hilo ni muhimu kuliko kuta nyeupe.

Nilikaa zaidi na vijana wa skrini. Walikuwa wanachapa rangi mbili na tatizo lao lilikuwa langu: rangi ya pili iangukie pale pale. Nina ubao wa ngalawa ambao nataka tanga lake liwe jekundu la kanga, na ubao mwingine utabeba nyekundu hiyo. Wao hutumia vipande vya plastiki vilivyogandishwa mezani, skrini inagonga hapo kila mara. Wachapaji wa Japani walichonga vituo viwili ndani ya ubao wenyewe, kona moja na mstari mmoja, karatasi inakaa humo. Ile chapa maarufu ya wimbi la bahari ya Hokusai, ya mwaka 1831 hivi, ilichapwa kwa namna hiyo kutoka mbao kadhaa, na mchoraji, mchongaji na mchapaji walikuwa watu tofauti. Mimi nimechagua vituo vya ubaoni, kwa kuwa havisogei hata ubao ukihamishwa chumba.

Ipo njia nyingine, ya ubao mmoja: unachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, unachonga tena ubao huo huo, unachapa ya pili juu yake, unaendelea mpaka ubao unabaki na kidogo sana. Fred Mutebi wa Uganda anajulikana kwa chapa za mbao za rangi nyingi za namna hii. Picasso naye alizifanya kwa lino kule Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni njia ya ujasiri, maana ukishachonga hakuna kurudi kuongeza nakala. Kwa mradi huu siitumii kwa sababu moja tu: nahitaji ubao wangu ubaki mzima kwa ajili ya marekani.

Jioni nilitoa kifuu changu mfukoni. Binti mmoja wa sekondari akaomba kujaribu. Nikampa ubao wa pweza uliopakwa wino, nikamwonyesha kuanzia katikati, akasugua kwa makini, ulimi umebanwa na meno. Alipoinua karatasi akasoma WEMA HAUOZI kwa sauti, akamwita mama yake. Nimempa chapa ile. Akaomba niiandike kwa penseli ni nakala ya ngapi, kama wachapaji wanavyofanya, na nikafurahi sana kwamba alikuwa amesikia habari hiyo kwenye kontena la jirani.

Oktoba na Novemba: marekani

Marekani ni pamba isiyopaushwa, na kitambaa hicho kina historia katika pwani hii. Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na wafanyabiashara wa mji wa Salem wakajaza Unguja pamba ya viwanda vya kwao hadi kitambaa kikachukua jina la nchi. Kikasafiri na misafara hadi maziwa makuu, kikatumika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba, soko la hapa liliyumba. Kanga ilipozaliwa ilikikuta kitambaa hiki kimevaliwa tayari. Nilipokipeleka mezani nilijisikia nachapa juu ya kitu kilichokuwepo kabla ya kanga yenyewe.

Kinavyouzwa kina wanga. Nakiloweka usiku kucha, nakifua, nakipiga pasi kikiwa na unyevu. Kifuu hakikitoshi kitambaa. Nguvu zaidi inatakiwa. Natandika blanketi lililokunjwa sakafuni, juu yake marekani, juu yake ubao uliopakwa wino ukiwa umelala kifudifudi, kisha napanda kwa miguu mitupu na kuhamisha uzito polepole kutoka kisigino hadi vidole, kona hadi kona. Mpwa wangu mdogo akipanda pamoja nami chapa inatoka nzuri zaidi.

Karatasi inatoa weusi mmoja, uliotulia. Marekani inameza. Nyuzi zinabaki na weupe wao mdogo mdogo ndani ya weusi, na pweza anaonekana amelowa. Nikiziweka pamoja, karatasi na kitambaa, kila moja inaonyesha nusu ambayo nyingine haina. Sikuipanga tofauti hiyo, na sasa ndiyo ninayoipenda zaidi katika mradi mzima.

Vuli imeleta unyevu. Wino unachukua muda mrefu zaidi kukauka, na karatasi inajinyoosha kiasi kwamba rangi ya pili inasogea kutoka kwenye vituo. Kwa hiyo nyekundu ya tanga nachapa siku ile ile ya nyeusi, asubuhi na jioni, kabla karatasi haijabadilika. Vitambaa vinaning'inia ndani, kwenye kamba iliyokatiza chumba.

Nilichukua pweza na mizani hadi Feri baada ya mnada wa asubuhi, nikawaonyesha akina mama wanaokaanga. Mmoja alikishika kitambaa kwa ncha za vidole, mikono yake ikiwa na unga, akakitazama kwa muda.

"Huyu pweza hajapigwa bado," akasema. "Mzima kabisa. Angepigwa mikono ingelegea."

"Unamjuaje, mama?"

"Namjua kwa mikono hiyo. Na jina lake zuri. Lakini mizani hii nayo ipe jina la sokoni, usiipe la mapenzi."

Tukakaa kwenye ngazi kutafuta jina, na kila aliyepita akatia lake. Limeshinda USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Ni refu, lina herufi nyingi za kugeuza, na litabidi lizunguke sahani zote mbili za mizani. Nitalichonga.

Desemba, kaskazi imeingia

Doti tatu zimekamilika: pweza, mizani, ngalawa. Mama wa karai bado yuko kwenye penseli, kwa kuwa moshi wa mafuta unanipa kazi. Nataka utoke kwenye nyuzi za plaiwudi zenyewe, bila patasi, kwa kupaka wino mwembamba sehemu ile tu.

Wachapaji wachache tumekubaliana kutundika kazi zetu kwenye ua wa mwenzetu mmoja, jioni moja, na kila mmoja atazungumza kidogo juu ya ubao mmoja. Karatasi zangu zina namba kwa penseli chini, kati ya nakala ishirini. Marekani haina namba, kila moja inatoka tofauti na haifai kudai inafanana na dada yake. Nimeomba zitundikwe kwa vibanio vya nguo, bila vioo. Nataka mtu aweze kuikaribia hadi aone nyuzi, auone wino ulivyokaa, na akitaka kuigeuza nyuma aigeuze. Mbao zenyewe nitazilaza mezani na patasi za mwavuli pembeni, na kifuu, na wino kidogo, kwa atakayetaka kujaribu. Mama wa Feri aliyetoa ushauri wa mizani amesema atakuja na wenzake wawili.

Ubao wa mwakani nimeshaupiga msasa. Majina ya kanga za mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na nataka doti moja iwe hivyo: MGENI NJOO MWENYEJI APONE, kwa Kiswahili kile kile. Herufi za Kiarabu zinatoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo ubaoni nitazichonga kuanzia kushoto, na nyingi zimeshikana, kwa hiyo ni pachache pa kupumzisha patasi kati ya moja na nyingine. Mwalimu mmoja wa madrasa mtaani kwetu, ambaye baba yake alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa hati hiyo, amekubali kuniandikia kwa kalamu ya mwanzi ili niufuate mkono wake. Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri.